Kusoma Sayansi na Hesabu Mtandaoni Ukiwa Mtwara au Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumamosi saa nne asubuhi ninakaa na kikundi cha wanafunzi wa shahada wanaosoma kwa njia ya mtandao, hapa Mtwara mjini. Wengi ni wa Ligula, Chikongola na Mikindani. Wawili watatu hupanda basi kutoka Mtama na Nyangao, wakaja kwa ajili ya saa tatu za hesabu na kurudi siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilisoma shahada yangu ya sayansi na ualimu kwa njia hii, nikiwa na kazi na watoto wawili. Maswali yafuatayo nimeulizwa mara nyingi mno, nami nimeyaandika kwa maneno ya wenyewe walioyauliza.

Mwalimu, hesabu zilinikataa tangu kidato cha pili. Nitaziweza leo, tena kwenye simu?

Mtu hukaa, hufungua daftari, na kabla hajaandika chochote ananiambia yeye si mtu wa hesabu. Wala hayuko peke yake. Kwa miaka mingi mtihani wa hesabu wa kidato cha nne umekuwa ukiwaangusha watahiniwa wengi kuliko unaowapitisha, na kwa tofauti kubwa. Wengi tumefika chuo tukiwa na alama hiyo ya zamani kifuani.

Alikuja kaka mmoja, karani wa chama cha msingi cha wakulima upande wa Newala, anasoma shahada ya biashara na alikuwa anatafuta namna ya kukwepa somo la takwimu. Akaniambia, "Shikamoo mwalimu, mimi hesabu sizijui kabisa." Nikamuuliza anajuaje ubora wa korosho zinazoletwa ghalani. Akanieleza bila kushika kalamu. Unachukua kilo moja ya korosho ghafi kama sampuli, unazikata, unatenga viini vizima na vyenye madoa. Vizima unapima uzito wake wote, vyenye madoa unahesabu nusu tu. Tuseme vizima ni gramu 270 na vya madoa ni gramu 20: una gramu 280. Gunia ni kilo 80, kwa hiyo litatoa kilo 22.4 za viini, na mnunuzi anayehesabu kwa paundi atakwambia ni paundi 49 na ushei.

Nikayaandika maneno yake kwenye daftari lake, mstari kwa mstari. Kisha pale palipokuwa na 280 nikafuta, nikaweka x. Aliuangalia mlinganyo ule kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe x ni kiini."

Somo la takwimu hakulikwepa. Kwa mtu anayeanza na hofu, nafanya vilevile: natafuta hesabu anayoifanya kila siku bila kuiita hesabu, iwe ya fundi cherehani, ya mama wa vikoba au ya muuza samaki wa feri, kisha tunaiandika kwa lugha ya kitabu. Baada ya hapo tunatafuta pengo lilipo. Kwa uzoefu wangu, anayelia kwamba kalkulasi imemshinda, mara nyingi kalkulasi yenyewe haina kosa. Anakwama kwenye hesabu za sehemu, kwenye alama za hasi, kwenye kufungua mabano. Hayo ni ya kidato cha kwanza na cha pili, na mtu mzima anayekaa nayo kila jioni anayamaliza ndani ya wiki chache.

Na simu? Simu inatosha kusomea. Kufanyia, chukua karatasi. Sijawahi kuona mtu aliyejifunza hesabu kwa kutazama video tu.

Watafiti wakisema "mtazamo kuhusu sayansi" wanamaanisha nini? Si suala la kupenda au kutopenda?

Kupenda ni kipande kimoja tu. Mwaka 1976 Elizabeth Fennema na Julia Sherman walitoa vipimo vya mtazamo kuhusu hesabu, wakatenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya: kujiamini, wasiwasi, kuona faida ya hesabu, kuamini kama ni ya wanaume, na namna mama, baba na mwalimu wanavyokuchukulia. Mwaka 1981 Barry Fraser akatoa dodoso lake la sentensi 70 kuhusu sayansi, zimegawanywa katika makundi 7, na mojawapo linahusu hamu ya kufanya kazi ya sayansi. Kwa hiyo mtu anaweza kulifurahia somo na asiitake kazi yake kabisa. Wengine huitaka kazi na kuliogopa somo.

Huku kwetu wa kundi hili la pili ndio nawaona zaidi. Anataka kuwa mtaalamu wa maabara, anaota hilo usiku na mchana, ila anaamini mlango ule si wa watu kama yeye. Mwanasaikolojia Albert Bandura alisema imani hii, yaani mtu kuamini kwamba jambo fulani analiweza, ndiyo inayoamua atajaribu nini na atavumilia kwa muda gani. Katika maandishi yake ya mwaka 1977 alisema inajengwa na mambo manne: kufanikiwa wewe mwenyewe, kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, kutiwa moyo na watu, na hali ya mwili wako unapokutana na kazi yenyewe, kama moyo unakwenda mbio au umetulia. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Swali moja ulilolitatua mwenyewe saa tano usiku linakujenga kuliko hotuba kumi za kukutia moyo.

Kusoma mtandaoni kunaongeza hamu ya kazi za sayansi au kunaipunguza?

Yote mawili nimeyaona, wakati mwingine kwa mtu mmoja ndani ya semista moja.

Kinachoongeza ni faragha. Darasani, ukiuliza swali la sehemu mbele ya watu mia, unaona aibu. Nyumbani unarudia video mara nane na hakuna anayeguna. Dada mmoja aliyekuwa akihangaika na logi aliniambia alisikiliza somo lilelile akipika, akiosha vyombo, na mara ya mwisho akiwa kitandani, hadi likamkaa. Chuo cha kukaa darasani hakimpi nafasi hiyo.

Kinachopunguza ni upweke, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimepoteza wanafunzi wazuri kwa njia hii. Ukirudi kwenye yale mambo manne ya Bandura, utaona kusoma mtandaoni kunakunyima la pili na la tatu. Humwoni mwenzako akikosea na kusahihisha. Hujui kwamba swali la tano limewashinda wote. Unadhani limekushinda wewe peke yako. Mhadhiri ni jina kwenye skrini. Kwenye kundi la WhatsApp zinaletwa desa na majibu yaliyokamilika, na hakuna anayeonyesha karatasi iliyofutwafutwa. Unaona majibu safi ya wengine na uchafu wa daftari lako, kisha unahitimisha vibaya.

Ndiyo maana nasisitiza kikundi cha ana kwa ana hata kama ni cha watu wawili. Na kwenye WhatsApp tuna sharti: ukituma jibu, tuma pia picha ya pale ulipokosea kwanza.

Naogopa kuuliza kwenye jukwaa la kozi. Nikionekana mjinga je?

Mwaka 1963 kijana wa Sekondari ya Magamba, Tanga, anaitwa Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu alimwona amechanganyikiwa na wenzake wakamcheka. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni aliyekuja kutoa mhadhara wa fizikia, Denis Osborne, na wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanafizikia wa dunia nzima wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Uliza. Kama kuandika kwa Kiingereza kunakuchelewesha, piga picha ya kazi yako, weka duara pale ulipokwama, na uandike mstari mmoja tu.

Umeme unakatika na bando linaisha. Si bora nichukue kozi nyepesi ambayo haihitaji mtandao sana?

Umeme usikuchagulie kazi ya maisha yako. Kusema kweli hesabu na fizikia hula bando kidogo kuliko kozi nyingi, maana kitabu kimoja cha PDF kinakutosha semista nzima. Pakua yote siku ya kwanza, usisubiri wiki ya mtihani. Mwezi Mei 2024 tulikatikiwa kwa njia mbili kwa mpigo: Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, kisha tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Waliokuwa na vitabu kwenye simu waliendelea kusoma.

Vitabu vya OpenStax vya kalkulasi, fizikia, kemia na takwimu ni bure na vinapakuliwa. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya sekondari, vinafaa sana kuziba yale mapengo ya kidato cha pili. Programu ya GeoGebra hufanya kazi bila mtandao ukishaiweka.

Sayansi bila maabara ni sayansi gani?

Maabara ipo, ila haikufuati nyumbani. Kozi za sayansi zinazofundishwa kwa masafa hupanga vipindi vya vitendo vya ana kwa ana, na bila hivyo huhitimu. Weka akiba ya nauli na malazi tangu mwanzo wa mwaka. Hapa ndipo watu wa Liwale na Nanyumbu huumia zaidi, maana umbali ni mkubwa na tangazo wakati mwingine huja kwa ghafla.

Kabla ya kwenda, jaribu majaribio ya kuigiza ya PhET, yaliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na mshindi wa Nobeli, Carl Wieman. Unaunganisha saketi, unabadilisha volti, unaona mkondo unavyobadilika. Hayatakufundisha kushika bureti, mkono unataka bureti yenyewe. Ila ukiingia maabara ukiwa unajua unachokitafuta, zile siku chache hazipotei.

Kiingereza ndicho kinachonishinda, wala si sayansi. Nifanyeje?

Nakuamini. Tumesoma miaka saba kwa Kiswahili, tukavushwa kidato cha kwanza na kuambiwa tuanze upya. Wengi walioitwa wajinga wa fizikia walikuwa hawajaelewa swali tu.

Fungua daftari la maneno. Kila neno jipya liandikie maana kwa Kiswahili chako, na mfano wa huku. Eleza dhana kwa sauti kwa Kiswahili mpaka mtu mwingine aelewe, halafu ndipo uiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Ukigeuza mpangilio huo utakariri.

Nikimaliza, kuna kazi gani za sayansi huku kusini? Au lazima nihamie Dar?

Wengi wanapolisikia neno mwanasayansi wanamwona mtu wa koti jeupe katika nchi ya mbali. Basi tuanzie jirani.

Ukitoka mjini kuelekea Naliendele utapita kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, chenye jukumu kubwa katika utafiti wa korosho nchini, pamoja na ufuta na karanga. Ule ugonjwa wa ubwiriunga unaoyafanya maua ya mkorosho yaonekane kama yamemwagiwa unga, na salfa tunayopulizia kila msimu, nyuma yake kuna watu wa baiolojia, kemia na takwimu. Mtu anapanga majaribio, anahesabu miche, anapima mavuno, anaamua kama tofauti aliyoiona ni ya kweli au ni bahati. Kazi hiyo ya mwisho ni hesabu tupu.

Kuna gesi. Ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ya Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mitambo ya kuisafisha gesi ya Mnazi iko Madimba, na bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Huko kunahitajika wajiolojia, wakemia, mafundi wa vipimo, watu wa usalama na mazingira. Kuna kiwanda kikubwa cha saruji ambacho kila siku kinahitaji mtu wa kupima kemia ya chokaa. Kuna madini ya kinywe Ruangwa. Kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye matumbawe, mikoko na kasa. Kuna maji: anayetoka nyanda za juu za Makonde hahitaji kufundishwa kwa nini mkoa unahitaji wataalamu wa maji.

Na kuna ualimu. Nauweka mwisho ila naupenda kuliko zote. Shule zetu za kata zina kiu ya walimu wa fizikia na hesabu. Mara nyingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesema hesabu zimemkataa hakuwahi kuwa na mwalimu wa kumpatanisha nazo.

Lakini kazi za gesi wanapata watu wa mbali. Kwa nini nijisumbue?

Sitalipuuza swali hili. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kuhusu bomba la gesi, na wengi wetu tunakumbuka zile siku za Januari na Mei. Maumivu yale yapo, na yanaingia mpaka kwenye uchaguzi wa masomo: mtoto anasikia nyumbani kwamba mali ni yetu ila wenye kazi ni wengine, anaamua sayansi haina maana.

Ninachomwambia ni hiki. Huko Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Mmoja wa wale wanyama amesimama leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Waliochimba, waliofungasha na kuibeba mifupa ile vichwani mpaka bandari ya Lindi walikuwa watu wa huku, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kutoa mifupa bila kuivunja ulitegemewa na wataalamu wenyewe. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka: Australodocus bohetii. Jasho na ustadi vilikuwa vyetu tangu zamani. Kilichokosekana ni vyeti na nafasi ya kuandika majina yetu wenyewe, na shahada unayoisoma inagusa jambo hilohilo. Haikuhakikishii kazi Madimba. Bila hiyo, ombi lako halifiki hata mezani.

Mume wangu anasema hesabu si za mwanamke, na shangazi anasema nimekwisha kuwa mtu mzima. Niwajibu nini?

Usiwajibu kwa maneno. Ila wewe mwenyewe ujue: Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hesabu. Mlango ulishafunguliwa.

Tatizo kubwa ninaloliona kwa akina dada ni saa za kusoma, uwezo wanao. Mwanamume akifungua kompyuta nyumbani huonekana yuko kazini, mwanamke huonekana anachezea simu. Dada mmoja wa kikundi chetu alipata ufumbuzi kwa kumkalisha binti yake wa darasa la sita pembeni: kila mmoja na daftari lake, saa mbili mpaka saa tatu usiku, baada ya chakula. Nyumba nzima ikajua kwamba saa hiyo ni ya masomo. Shangazi mtu sasa ndiye anayewanyamazisha wengine.

Waajiri wanaidharau shahada ya mtandaoni?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wahitimu wake wako serikalini na kwingineko. Kinachohitajika ni chuo na programu vitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ukijiunga na chuo cha nje, hakikisha utambuzi huo kabla ya kulipa ada. Nimemwona mtu akilia na cheti mkononi kwa kutofanya hivyo. Udaktari wa binadamu usidanganywe kwamba utausoma kwa mtandao.

Nimepata sapu mbili. Nihamie kozi ya sanaa?

Kwanza tofautisha. Je, umeshindwa baada ya kufanya maswali, au umeshindwa bila kuyafanya? Kama hukuyafanya, sapu haijakuambia lolote kuhusu uwezo wako. Fanya maswali ya mitihani iliyopita, matano kila siku kwa wiki sita, halafu uamue.

Kama uliyafanya kwa bidii, ukasaidiwa, na bado kila ukiufungua ukurasa moyo unakataa, basi kuhama si aibu, na mimi mwenyewe nitakusaidia kuandika barua. Ninachopinga ni kuhama usiku wa matokeo, na hasira bado iko kooni.

Nianzie wapi wiki hii?

Andika sentensi tatu na ujipe alama kutoka 1 hadi 5: "Nafurahia somo hili," "Naamini nalimudu," "Naitaka kazi inayotokana nalo." Iliyo chini kuliko zote ndiyo ya kushughulikia kwanza. Kama ni ya pili, rudi kwenye sehemu na mabano. Kama ni ya tatu, tafuta mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo hapa mkoani, mwombe nusu saa, umuulize alichokifanya jana kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Na kama uko karibu na Mtwara mjini, tafuta kikundi cha Jumamosi. Njoo na daftari, kalamu ya risasi na kifutio. Usije na majibu.